Universal au Hammer, EC au Warren: mgeni wa picha na komiki za kutisha za zamani aanzie wapi

Kila siku kuna mtu anataka kuingia kwenye mambo ya kutisha ya zamani, ameshachoka na muvi za siku hizi za mlango kupigwa puu halafu unaruka kwenye kiti, anauliza nianze na nini, anajibiwa orodha ya majina hamsini. Orodha haisaidii kitu. Ukipewa majina hamsini unajaribu mawili, la kwanza linakuboa kwa sababu lilikuwa la mtu mwingine sio lako, basi hamu yote imeishia hapo. Mi nataka tuweke vitu viwiliviwili mezani, hiki na kile, niseme kipi kinamfaa nani, na upendeleo utakuwepo maana mimi sio hakimu, ni mshabiki.

Kipimo changu ni kimoja tu, we unataka nini kutoka kwenye woga? Kuna mtu anataka kumwonea huruma zimwi. Mwingine anataka kumwogopa binadamu mwenzake. Mwingine raha yake ni kuona mwovu analipwa palepale na riba juu. Na kuna wale wa usiku, ukungu, kasri, mchoro mkali, hadithi yenyewe baadaye. Hawa watu wanne hawatakiwi kuanzia sehemu moja hata kidogo.

Picha: Universal ama Hammer

Kwa wasiojua, Universal ndo wale Wamarekani waliotoa Dracula na Frankenstein mwaka mmoja, 1931, wakaja na The Mummy 1932, The Invisible Man 1933, Bride of Frankenstein 1935, The Wolf Man 1941, mpaka yule kiumbe wa majini wa Creature from the Black Lagoon 1954. Zote nyeusi na nyeupe. Hammer ni Waingereza, kampuni ndogo, studio yao ilikuwa kwenye jumba la zamani pale Bray kando ya mto Thames, na kwenye hii mitaa ya mazimwi walishuka rasmi 1957 na The Curse of Frankenstein, rangi kamili, damu nyekundu ya kukera, mwaka uliofuata wakatoa Dracula yao ambayo Marekani ilibandikwa jina la Horror of Dracula ili isichanganywe na ile ya zamani.

Sasa kuna jambo moja linaelezea karibu kila kitu hapa. Ule uso wa zimwi tunaoujua sote, kichwa bapa, kope nzito, vyuma shingoni, ni kazi ya Jack Pierce, fundi wa mekapu wa Universal, na Universal walikuwa wanaulinda kisheria. Hammer hawakuweza kuugusa. Ikabidi wabuni uso wao, na Christopher Lee akatokea na sura kama ya mtu aliyetoka kwenye ajali ya gari akashonwa gizani, watu wanaicheka mpaka leo. Lakini kule kuzuiwa ndo kuliwaokoa, maana waliposhindwa kuitegemea sura ya zimwi waliigeuzia kamera sura ya daktari, na hapo ndo Hammer walipopata kitu chao wenyewe.

Tuanze na Universal. Frankenstein ya 1931 imeongozwa na James Whale, zimwi ni Boris Karloff, ambaye kwenye majina ya mwanzo hakuandikwa, wameweka alama ya kuuliza tu. Angalia anavyoingia mara ya kwanza. Mlango unafunguka, anaingia kinyumenyume, unaona mgongo, anageuka taratibu, kamera inarukia karibu, inarukia karibu tena, mpaka uso umejaa skrini nzima. Muziki hamna. Dakika chache mbele daktari anafungua dirisha la darini, mwanga unashuka, na zimwi linanyanyua mikono likijaribu kuushika ule mwanga, dirisha likifungwa linabaki na mikono wazi linaomba. Karloff haongei neno picha nzima, ananguruma tu, na we bila kujua ushahamia upande wake. Halafu kuna kile kipande cha ziwani na mtoto Maria, wanarusha maua yaelee, maua yakiisha zimwi linamrusha mtoto likidhani na yeye ataelea. Wakaguzi walikikata, kwa miaka mingi watu waliona zimwi linanyoosha mikono kwa mtoto halafu picha inakatika, na kusema ukweli huo mkasi uliharibu kuliko kuficha, kwa sababu mtazamaji alijijazia mwenyewe mambo machafu kuliko kilichotokea. Matoleo ya sasa yana kipande kizima, hakikisha unapata hilo.

Ukimaliza hapo weka The Curse of Frankenstein. Peter Cushing ni Baron, yaani daktari Frankenstein mwenyewe, mstaarabu, nguo safi, maneno laini, na anaua. Profesa mzee mwenye akili nyingi anakaribishwa nyumbani kwa heshima zote, anasukumwa kutoka juu ghorofani, Baron anataka ubongo wake. Mfanyakazi wa ndani anaitwa Justine, ana mimba ya Baron na anatishia kumsema, anafungiwa chumbani na lile zimwi, tunasikia ukelele wake, na picha inayofuata papo hapo ni asubuhi, Baron yuko mezani anakunywa chai na anaomba asogezewe jemu. Basi, wamemaliza. Hakuna mekapu ya mtu yeyote iliyowahi kunishtua kama ile jemu.

Kwa hiyo kwenye Frankenstein uchaguzi ni mwepesi, unataka huruma nenda Universal, unataka kumwogopa binadamu nenda Hammer. Mi nikilazimishwa kubaki na moja nabaki na Universal, ila nadanganya kidogo kwa kuchukua Bride of Frankenstein badala ya ile ya kwanza, maana kule zimwi linafika kwenye kibanda cha mzee kipofu anayepiga fidla, mzee haoni sura kwa hiyo haogopi, analipatia zimwi mkate, divai, sigara, analifundisha maneno, na hapo Karloff anafanya mambo na yale macho mazito ambayo waigizaji wenye kurasa kumi za maneno hawayafikii. Bibi harusi mwenyewe, Elsa Lanchester mwenye nywele zilizosimama na mistari myeupe, anatokea dakika chache za mwisho tu. Watu wanashangaa sana wakigundua hilo, wanangoja bibi harusi saa nzima. We usimngoje, angalia mengine.

Kwenye Dracula hukumu inageuka.

Najua kuna watu watanipiga mawe, ila Dracula ya 1931 ni theluthi moja ya picha kali halafu iliyobaki ni watu wamesimama sebuleni wanaongea. Ilitokana na mchezo wa jukwaani, Bela Lugosi mwenyewe alishaucheza Broadway 1927, na jukwaa linaonekana. Mwanzo pale kasrini ni noma, ngazi kubwa, utando wa buibui, Lugosi anaongea polepole kila neno limepimwa, mwanga mwembamba umemlenga machoni. Muziki karibu haupo kabisa ukiacha kipande cha Tchaikovsky kwenye majina ya mwanzo na zile sauti za ukumbi wa burudani. Wakishafika London mambo mengi yanatokea nje ya kamera na mtu anakuja kuyasimulia, ooh kuna mbwa mwitu anakimbia uwanjani, kwanini usituonyeshe? Kuna toleo la Kihispania lililopigwa seti zilezile usiku, yaani kundi la Tod Browning, mwongozaji wa ile ya Kiingereza, likienda kulala hawa wanaingia, na hao wa usiku kamera yao inatembea vizuri zaidi na picha yao ni ndefu kwa karibu nusu saa. Tatizo Dracula wao, Carlos Villarías, sio Lugosi. Ungeweza kumchukua Lugosi ukamhamishia kwenye ile ya usiku ungepata kitu kimoja kamili.

Hammer ya 1958 wao walijua Dracula lazima atembee. Mwongozaji Terence Fisher anamleta Lee kwanza kama kivuli juu ya ngazi, we unajiandaa kuogopa, anashuka mbiombio na anaongea kama bwana mwenye adabu anayepokea mgeni, jina langu nani, chumba chako kile pale, mizigo yako hii nabeba mimi. Umeshusha pumzi. Muda si mrefu mlango wa maktaba unapigwa wazi na ni yeye huyohuyo, macho mekundu, damu mdomoni, anaruka juu ya meza. Baada ya maneno yale ya mwanzo hasemi tena mpaka mwisho, na kwa ujumla anaonekana dakika chache tu, ila hautoki kwenye akili. Na pambano la mwisho Cushing, safari hii ni Van Helsing mwindaji wa vampaya, anakimbia juu ya meza ndefu, anarukia mapazia anayang'oa, jua linaingia, anakamata vinara viwili vya mishumaa anavipishanisha kufanya msalaba. Ukiipata toleo lililorudishiwa vipande vilivyopatikana Japan, kule kuoza kwake mwishoni ni kurefu zaidi kuliko wakaguzi wa Uingereza walivyoruhusu. Kwa Dracula chukua Hammer usiangalie nyuma.

(Hili la jua kumuua Dracula wengi wanadhani ni la kwenye kitabu. Kwenye kitabu cha Bram Stoker jamaa anatembea mchana. Jua lilianza kuua kwenye Nosferatu ya Wajerumani, 1922, ile ambayo mjane wa Stoker aliishtaki kwa sababu hawakuomba ruhusa na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Zikapona chache. Hammer wakalichukua wazo, leo kila mtu anadhani ni sheria.)

Wengine nawapitia haraka. Mtu anayegeuka mbwa mwitu, Universal bila ubishi, Lon Chaney Jr. kwenye The Wolf Man ana uso wa mtu anayeomba radhi kabla hajafanya kosa, na Hammer walijaribu mara moja tu na Oliver Reed 1961, yuko vizuri lakini unangoja sana mpaka abadilike. Mumia ni sare ngumu. Ya 1932 Karloff yuko ndani ya bandeji mwanzoni tu, na kile kipande cha kuamka kwake wamekionyesha kwa mkono unaoingia kuchukua karatasi na ncha ya bandeji inayoburutwa mlangoni, kijana aliyeona anaanza kucheka na hawezi kuacha. Baada ya hapo ni mapenzi na uchawi taratibu. Hammer 1959 wao wamemweka Lee kwenye bandeji anavunja milango na kupigwa risasi haanguki. Ukitaka ubaridi wa mgongoni chukua ya kwanza, ukitaka mumia anayefanya kazi chukua ya pili.

Onyo kwa pande zote mbili. Universal kufika katikati ya miaka ya 40 walianza kujaza mazimwi kwenye picha moja kama daladala, na cha ajabu iliyo bora kati ya hizo za mchanganyiko ni ya vichekesho, Abbott and Costello Meet Frankenstein ya 1948, Lugosi amerudi kuwa Dracula na hachekeshi hata kidogo, wanaochekesha ni wengine. Hammer nao Dracula za kuendelea zilizidi kumnyima Lee kazi, ile ya 1966 hasemi hata neno moja, na kufikia 1972 wamemleta London ya vijana wa nywele ndefu. Ukiwa mgeni usiguse hizo kwanza. Isipokuwa The Brides of Dracula, 1960, ambayo Dracula hayumo kabisa licha ya jina, yumo Cushing, na ni nzuri kuliko nyingi ambazo Dracula yumo.

Komiki: EC ama Warren

Huku watu wengi wanaanza na jina moja, EC, na wako sahihi nusu. EC ilikuwa ya William Gaines, aliirithi baba yake alipofariki 1947, na yeye na mhariri wake Al Feldstein wakaanzisha 1950 zile tatu, Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Senti kumi za Marekani, hadithi nne kwa toleo, kila komiki na msimulizi wake mwenye utani wa makaburini. Zote tatu ukizijumlisha hazifiki matoleo 100, zikafa kati ya mwisho wa 1954 na mwanzo wa 1955, na bado zinanukuliwa leo.

Hadithi ya EC ina mwendo mmoja, mtu mbaya anafanya ubaya kwa ajili ya pesa au mke wa mtu, anafanikiwa, anatulia, halafu kurasa mbili za mwisho ubaya unarudi kwa umbo linalofanana na alivyoutenda. Wale wa kutaka mwovu alipwe hapa ndo kwenu. Ukisoma tatu unafurahi, ukisoma kumi mfululizo unaanza kukisia mwisho ukurasa wa pili, kwa hiyo usizifakamie. Maneno pia ni mengi, ah ni mengi mno, kwa sababu maandishi yalikuwa yanawekwa kwanza kwenye karatasi kisha mchoraji anapewa nafasi iliyobaki, unakuta sanduku la maelezo linakwambia mlango ulifunguka na chini yake mchoro wa mlango umefunguka. Wachoraji ndo waliookoa jahazi. Graham Ingels aliyekuwa anasaini Ghastly, kila kitu chake kinayeyuka, mate yananing'inia, mbao zimeoza. Jack Davis miguu mikubwa na jasho. Johnny Craig kinyume chao, safi, nadhifu, kama tangazo la gazeti, halafu ndani ya huo unadhifu kuna shoka.

Shoka lenyewe ndo lililowaponza. Aprili 1954 kwenye kikao cha kamati ya Seneti iliyokuwa inachunguza komiki, pale New York, seneta Estes Kefauver alinyanyua kava ya Craig, mwanaume ameshika shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza Gaines kama hiyo anaiona ina staha. Gaines akajibu kwamba ndio, kwa kava ya komiki ya kutisha, na akaendelea kufafanua kuwa ingekosa staha kama kichwa kingenyanyuliwa juu zaidi damu ionekane inadondoka. We fikiria unajibu hivyo mbele ya seneta. Mwaka huohuo wachapishaji wenyewe wakaunda kanuni, maneno ya hofu na kutisha yakapigwa marufuku kwenye majina ya komiki, vampaya, zombi na mtu-mbwamwitu wote nje. Gaines akafunga tatu zake, mwishowe akabaki na Mad tu, ile ya vichekesho.

Warren ni jibu la kanuni hiyo miaka kumi baadaye. James Warren aliona kwamba kanuni ni ya komiki, sasa ukichapisha kwa ukubwa wa gazeti, nyeusi na nyeupe, ukauza kama jarida, kanuni inakuhusu nini? Creepy ikatoka 1964, Eerie ikafuata, Vampirella 1969. Mhariri na mwandishi aliyezibeba miaka ya mwanzo ni Archie Goodwin, na wachoraji wengi ni walewale wa EC waliokuwa wametawanyika, Reed Crandall, Al Williamson, hata Craig, pamoja na makava ya rangi ya mafuta ya Frank Frazetta ambayo watu wanayatundika ukutani bila kujua ndani kuna nini.

Ukiziweka bega kwa bega, EC inashinda kwa ngumi ya mwisho, Warren inashinda kwa hewa. Goodwin alipunguza maneno akamwachia mchoraji apumue, na wino mtupu bila rangi ya bei rahisi unakufanya uone kila mstari. Ila Warren haina msimamo, baada ya Goodwin kuondoka kuna matoleo ni ya kujaza kurasa tu, inabidi uchague. Nikikupa moja ya kutafuta ni Jenifer, Creepy namba 63 ya 1974, Bruce Jones kaandika, Bernie Wrightson kachora. Mtu anamwokoa msichana asichinjwe na jamaa mwenye shoka porini, anamgeuza, anaona mwili wa kawaida na uso usioelezeka, anamchukua kwake kwa huruma. Familia inaondoka, yeye hawezi kumwacha. EC wangempa huyo mtu dhambi fulani mwanzoni ili mwisho umstahili, Jones hakumpa dhambi yoyote, alimpa wema tu, na ndo maana inauma. Kama EC zinakuchosha kwa haki zake za haraka, hii ndo dawa.

Marvel nawataja kwa sababu ya yule anayependa stori ndefu. Kanuni ililegezwa 1971, vampaya wakaruhusiwa kama wakitendewa kwa heshima ya vitabu vya zamani (zombi wakabaki nje, nadhani hawakuwa na kitabu cha kuwatetea), na 1972 ikaanza The Tomb of Dracula. Ilikwenda matoleo 70 mpaka 1979 na yote 70 penseli ni ya Gene Colan, kitu ambacho ni adimu sana. Marv Wolfman aliingia kuandika toleo la 7 na hapo ndo panapowaka, kwa hiyo ukiboeka na yale ya mwanzo ruka tu bila aibu. Kuna Quincy Harker mzee kwenye kiti cha magurudumu, ni yule mtoto anayezaliwa mwishoni mwa kitabu cha Stoker, kuna Rachel van Helsing na upinde wake wa kufyatua, na toleo la 10 anaingia Blade, yule mwindaji wa vampaya, kwa mara ya kwanza. Colan hachori mistari, anachora moshi, na Tom Palmer, aliyepitisha wino juu ya penseli zake, ndo pekee aliyeweza kuufuata ule moshi. Kwa maoni yangu ni Dracula bora kuliko wote hata wa Lee, kwa sababu ana matoleo 70 ya kuwa mwoga, baba, mfalme, mjinga.

Picha na komiki, hadithi ileile

Sasa kwa anayesema mi nina muda wa kimoja, niangalie au nisome? Kuna hadithi moja unaweza kupimia. The Haunt of Fear namba 12 ya 1952 ina Poetic Justice, Ingels kachora. Mzee maskini wa kuokota vitu, watoto wanampenda, majirani matajiri baba na mwana wanamwona anachafua mtaa. Wanamfanyia visa mpaka siku ya Valentine anapokea rundo la kadi, kila moja ina shairi la matusi, kana kwamba mtaa mzima umemchoka. Mzee anajinyonga. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, anarudi, na baba anamkuta mwanawe na kadi ya mwisho, karatasi ina shairi na ndani imefungiwa moyo, wa kweli.

1972 Waingereza wa Amicus wakaifanya picha ndani ya Tales from the Crypt ya Freddie Francis, na mzee ni Cushing, yuleyule Baron wa jemu. Mkewe Cushing alikuwa amefariki Januari 1971, na kwenye picha anacheza mjane wa kiume anayeongea na picha ya marehemu mkewe. Kadi zinapofika anazifungua akitabasamu, anasoma ya kwanza, tabasamu linabaki kwa sababu hajaelewa, anasoma ya pili. Hapo komiki inashindwa, nasema wazi. Ingels anaweza kukuchorea mzee analia ila hawezi kukuchorea tabasamu linalochelewa kuondoka.

Halafu mzee anafufuka, na hapo ni kinyume. Kwenye picha ni mekapu, ya kuridhisha, unaona ni mekapu. Kwenye komiki yule mzee aliyeoza ni wa wino uleule uliomchora akiwa hai, dunia yake yote tangu ukurasa wa kwanza ilikuwa inaoza, ukuta, miti, nguo, kwa hiyo akitoka kaburini haonekani kama kitu kigeni kimeletwa. Na anayefunua ukurasa ni wewe. Kwenye picha Francis anaamua lini uone moyo, kwenye komiki mkono wako wenyewe ndo unaufungua, unaweza kuacha, na hauachi. Ndo maana mi mtu wa kuogopa mapema namwambia asome, mtu wa kulia mapema namwambia aangalie.

Ukitaka mtu akuchanganyie vyote, Creepshow ya 1982, George Romero kaongoza, Stephen King kaandika, imetengenezwa makusudi ionekane kama EC inatembea, mpaka rangi zinabadilika kuwa nyekundu na bluu za komiki mtu akishtuka. Komiki ya picha hiyo kachora Wrightson. Ni mlango mzuri kwa asiyeweza kuvumilia nyeusi na nyeupe, ingawa mtu wa namna hiyo namwonea huruma kidogo.

Sasa kwa kununua au kuazima. Picha za Universal usitishwe na umri, karibu zote hazifiki dakika 80, unamaliza mbili kwa muda wa muvi moja ndefu ya siku hizi, kwa hiyo weka Frankenstein na Bride usiku mmoja kwa mpangilio huo. Hammer anza na Dracula halafu ndo Curse, hata kama Curse ilitangulia, maana ukikutana kwanza na Cushing akiwa mtu mwema utashtuka zaidi ukimkuta ni Baron. Kwa komiki, EC zimechapishwa upya kwa njia mbili, kuna mikusanyo ya rangi inayofuata mpangilio wa matoleo na kuna ya nyeusi na nyeupe inayomkusanya mchoraji mmojammoja. Kwa Craig na Davis sioni tatizo kwenye rangi, na rangi za Marie Severin za wakati ule zilikuwa na akili, akitaka kukupunguzia au kukuzidishia kitu anapaka paneli nzima rangi moja. Ila Ingels chukua nyeusi na nyeupe, ile mistari yake ya kuoza rangi inaimeza. Na Warren usikubali mtu akuuzie toleo lililotiwa rangi baadaye.